Vitenzi Mia Tano na Sahihi ya Shemeji

Miaka ishirini na minane Bwana Stoo alitunza ghala la kiwanda cha sabuni, na muda wote huo hakupokea hata kopo la gundi bila kulifungua, kulinusa na kumsainisha aliyelileta. Alipostaafu, kiwanda kilibaki na sabuni, yeye akaondoka na tabia.

Kwa hiyo mama mwenye duka la steshenari alipompa kazi ya kutafsiri vitenzi mia tano vya Kiingereza, viwe kijitabu cha wanafunzi, jina la mtafsiri juu ya jalada kwa herufi nene, mzee alifanya kazi kwa namna anayoijua. Alipiga mistari daftarini: kitenzi, maana yake, kisha safu ya tatu, "Kimekaguliwa", na sahihi ya shahidi. Hakuna kitenzi kilichopita bila mtu kukitenda mbele ya macho yake.

Mtaa ulikoma. Kwa ajili ya "snore" alikaa ukingoni mwa kitanda cha fundi viatu adhuhuri nzima, akimsikiliza anavyokoroma, halafu akamwamsha asaini. Kwa ajili ya "faint" alimwomba muuza mkaa azimie. Jamaa akazimia vizuri mno, akagoma kuzinduka mpaka aletewe soda baridi.

Ndipo ikafika zamu ya "accuse". Bwana Stoo akaandika "kushutumu", kisha akatafuta wa kumshutumu. Shemeji yake msusi, mdogo wa mkewe aliyekuwa akiishi nao, alikuwa uani anaanika shuka.

"Wewe!" mzee akanguruma mlangoni. "Pasi yangu umeipeleka wapi? Mwizi mkubwa!"

Madirisha yakafunguka. Shuka ikaanguka mchangani. Hakuwa amemtahadharisha, kwani, alivyoeleza baadaye, mzigo ukijua unakaguliwa hujipanga.

"Ni ukaguzi tu, shemeji," akasema, akimnyooshea kalamu. "Saini hapa."

Shemeji hakusaini. Alibeba begi lake, akahamia chumba cha nyuma cha saluni anakosukia; aliyesaini ni jirani wa dirishani. Tangu siku hiyo mkewe Bwana Stoo alimwekea mumewe chakula mezani kama mtu anayetega panya, bila neno.

Wiki mbili zikapita. Siku ya kukabidhi kazi ikafika, na vitenzi mia nne tisini na tisa vilikuwa vimekaguliwa. Kilibaki kimoja, "apologise", alichokuwa akikiruka kama dimbwi. Mama wa steshenari alishasema: saa sita mchana, isizidi hata dakika, la sivyo kitachapwa kijitabu cha mwalimu wa twisheni, na jina juu ya jalada litakuwa la mwalimu.

"Si uandike tu 'kuomba radhi' umalize?" mkewe akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa wiki mbili.

"Nani amekikagua?"

"Kweli. Wewe hata kukitenda hujawahi."

Saa tano na nusu Bwana Stoo akaingia saluni, daftari kwapani, kalamu sikioni. Shemeji alikuwa anamsuka mteja mmoja. Mwingine alishamaliza, anajitazama kwenye kioo.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi."

"Haya, omba."

"Siku ile nilikuwa kazini, na kazi ina taratibu zake..."

"Huko ni kujitetea."

"Na wewe nawe una hasira za karibu..."

"Huko ni kulaumu. Unavyo hivyo daftarini?"

"Ninavyo!" mzee akajibu kwa fahari. "Vyote vimesainiwa."

"Dada, usinichekeshe mwenzio," mteja akalalamika, "utaning'oa nywele."

Shemeji hakucheka. "Umekuja kuomba radhi au kuomba sahihi?"

Bwana Stoo akazidi kulibana daftari kwapani.

"Rudisha hilo daftari nyumbani, uje mikono mitupu. Hapo nitakusikiliza."

Nyumbani na kurudi ni dakika arobaini. Akatazama saa ya ukutani. Kisha, nyuma ya pazia, akaona godoro la shemeji limekunjwa katikati ya maboksi ya dawa za nywele. Mtu wa ghala anajua: kitu cha kulalia hakiwekwi karibu na kemikali.

Akamgeukia yule mteja wa kwenye kioo. "Mwanangu, unapita kwa mama wa steshenari? Mpelekee daftari hili, sasa hivi."

Binti akafunua ukurasa wa mwisho. "Mzee, mstari huu hauna sahihi."

"Najua. Kimbia."

Mikono ikabaki mitupu, hajui aiweke wapi. Akaificha mgongoni.

"Shemeji," akasema, "nilikuita mwizi, na pasi nilikuwa nimeificha mwenyewe chini ya kitanda. Umetoka kwangu ukaja kulala kwenye maboksi. Nimekukosea. Nisamehe."

Vidole vya msusi vikasimama.

"Sawa," shemeji akasema, akijifuta mafuta ya nywele mikononi. "Mimi nimesikia. Sasa twende ukawaambie na wale waliosikia siku ile."

Mteja akaombwa asubiri, wakaenda, shemeji mbele, mzee nyuma. Kwenye mlango wa kwanza Bwana Stoo akainamisha kichwa, akaanza kunong'ona.

"Kwa sauti, shemeji," akaambiwa. "Siku ile ulisikika mpaka barabarani."