Mistari ya Bluu Kifuani kwa Mjomba

Wakati ule mjomba wangu alikuwa analala amekaa. Akilala chali, maumivu yanamkamata upande wa kulia wa kifua kama mtu anambana na koleo. Akilala ubavu ndiyo usiseme. Basi tukawa tunamwekea mito ukutani, anasinzia kama abiria. Mimi nilikuwa naishi kwake pale Lyamkena, nauza viazi stendi ya Makambako, na jioni kazi yangu ilikuwa kupanga hiyo mito.

Siku moja nikamwambia, "Mjomba, hata kuku anakuonea huruma. Yeye angalau ana kijiti cha kushika."

Akacheka, kucheka kukamuuma, akanirushia kandambili. Ikanipata shavuni. Mgonjwa mwenye shabaha namna ile nikamheshimu hapo hapo.

Ugonjwa wenyewe unaitwa mesothelioma. Mimi shule niliishia darasa la saba, siku ya kwanza kulitamka hilo jina ilibidi nipumzike katikati. Aliyetueleza ni daktari mmoja wa kike, kijana tu, kwenye hospitali kubwa Dar. Akavaa glovu, akakunja ngumi. "Mzee, hii ngumi ni pafu. Hii glovu ni utando unaolifunika. Saratani yako iko kwenye glovu." Halafu akamuuliza kazi aliyofanya ujanani.

Mjomba ni fundi wa mapaa. Enzi hizo walikuwa wanakata mabati ya asbesto kwa msumeno wa mkono, hamna hata kitambaa puani, vumbi jeupe wanalipuliza kwa mdomo waone mstari vizuri. Daktari akasema vumbi lile ndilo hilo. Limekaa kifuani kimya miaka yote, mpaka mwenyewe ana wajukuu, ndiyo linaleta fujo. Nyumbani majirani walishaamua ni vumbi la makaa ya mawe ya Mchuchuma. Mjomba aliwajibu, "Mchuchuma kwenyewe tunaambiwa watachimba, watachimba. Vumbi limenifikiaje kabla ya jembe?"

Basi daktari akatuwekea mambo mezani. Kupasua haifai, umeshatambaa. Kuna dawa za dripu, mbili zinakwenda pamoja, unapewa, unapumzika wiki tatu, unarudi. Na kabla yake unaanza vitamini, vidonge na sindano, ili dawa isiuonee mwili. Kuna nyingine mpya zaidi, zinaamsha kinga yako mwenyewe ipigane. Nikasema, "Yaani askari wamelala, dawa inawapiga teke." Daktari akasema hivyo hivyo, ila hizo kwetu kuzipata bado shughuli, na bei yake usiulize. Halafu kuna mionzi.

"Mionzi haimalizi ugonjwa, mzee," akasema. "Inapigwa pale panapouma, patulie."

"Nikipata dripu na mionzi, nitapona?"

"Hapana, mzee wangu. Tutausogeza nyuma. Upate muda, na huo muda uwe mzuri."

Mimi nikaangalia sakafu. Mjomba akasema, "Sawa. Mimi nataka kulala chali. Hayo mengine nitakuja kudai baadaye." Daktari akacheka, macho yake yamejaa maji. Mimi mdomo wangu huu, ambao hata msibani huwa unashikiliwa, siku ile uliishia kuuliza dripu ya kwanza ni lini.

Tukaanza na dripu. Zilimtapisha, chakula kikawa na ladha ya msumari, miguu ikawa mizito. Lakini kila akiingia wodini anasalimia kitanda kwa kitanda, "Kamwene!" kama yuko Njombe sokoni. Watu wa Pwani wanamshangaa. Safari za mbele huko, manesi ndio wakawa wanamuwahi: "Kamwene, mzee wa baridi!" Maji ambayo ugonjwa ulikuwa umeyajaza kifuani, yakimbana pumzi, yakapungua, pumzi ikarudi. Maumivu ndiyo yaligoma.

Ikabidi mionzi. Wakampima kwenye mashine, wakamchora kifuani mistari ya bluu na misalaba, ndiyo alama za kulengea. Wakatuambia foleni ni ndefu, tukasubiri nyumbani, turudi siku ya kuanza. "Ila hapa pasiguswe na sabuni. Zikifutika tunaanza upya."

Mjomba akataka kwenda kumwona bibi, mama yake, kijijini huko nje ya Njombe mjini. Tukakaa huko. Sasa bibi ana sheria yake: mgonjwa haondoki kwake kwenda hospitali mpaka amwogeshe mwenyewe kwa maji ya moto, wasije watu wa mbali wakasema huyu hana kwao. Umri hauangaliwi. Asubuhi ya safari akamwita chumbani na beseni.

Mimi nilikuwa nje nafunga mizigo, nikamsikia bibi anauliza, "Nani kakuchora hivi?"

Lazima ujue kwetu ni paini tupu. Watu wa mbao wakishanunua shamba la miti, wanapita na rangi, kila mti wa kukatwa wanaupiga msalaba. Mti wenye msalaba wiki ijayo huukuti. Bibi kaishi na misalaba hiyo maisha yake yote, na leo anaiona kifuani kwa mtoto wake.

Nikaingia mbio. Bibi ameshika dodoki, anasugua huku machozi yanashuka. "Wewe huuzwi," anasema. "Huuzwi wewe. Wakakate vya kwao."

"Mjomba, alama!" nikapiga kelele.

Mjomba akanigeuzia jicho. "Nyamaza. Mama yangu anaogesha mtoto wake."

Alikuwa anajua kila kitu. Anajua foleni, anajua usingizi wake ndio unaoshuka na povu lile, na pale anaposuguliwa ndipo panapomuuma kuliko pote. Akanyoosha mikono akasuguliwa mpaka akawa mweupe kama yai. Mimi ningeshapiga mbio uchi.

Tulivyofika Dar, kijana wa mionzi akamfungua shati. Hamna kitu.

"Mzee, alama ziko wapi?"

"Jasho," akasema mjomba. "Kwetu joto sana."

"Kwenu wapi?"

"Njombe."

Yule kijana akamwangalia, akaliangalia sweta lililokuwa limewekwa kwenye kiti, lingine chini yake, na koti juu. "Njombe? Joto?" Akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Alipotulia akasema kweli sasa, hii maana yake kupimwa upya, inawezekana turudi mwisho wa foleni. Hapo mjomba akaacha utani. Akamweleza miti, rangi na mama yake. Akamaliza, "Usimwandike vibaya. Alikuwa ananiokoa."

Kijana akatoka. Akarudi na yule daktari wa glovu, wakampima tena siku ile ile. Safari hii wakamdunga vidoti vya wino kwa sindano, vidogo kama kinyesi cha nzi, haviondoki hata kwa jiwe. Mjomba akavikagua. "Hivi sawa. Mama macho yake hayafiki huku."

Kumbe sasa, dawa ya kulala chali inatolewa ukiwa umelala chali. Meza ngumu, mikono juu ya kichwa, husogei, mko wawili tu wewe na mashine. Mimi niko nje namwona kwenye kioo cha kompyuta. Meno yameumana, vidole vimekunjana, kifua hakijatikisika. Kila siku mpaka dozi ikaisha. Akitoka ananiuliza, "Umeniona nilivyotokea kwenye tivii?"

Maumivu hayakukatika kama taa. Yalipungua taratibu, wiki hadi wiki, ngozi ikawa nyeusi pale ilipopigwa, uchovu ukamkalia. Dripu bado anakwenda.

Siku moja mchana nilikwenda kwa bibi, ambako mjomba alikuwa amekwenda kupumzika, na gunia la mbegu. Nikaingia uani na makelele yangu ya kawaida, bibi akaweka kidole mdomoni kwake, ninyamaze. Kwenye mkeka juani mjomba amelala chali, mikono kaitupa huku na huku, mdomo wazi, anakoroma.

"Toka saa sita," bibi akanong'ona. "Hata Askofu akipita hapa, atapita kwa ncha za vidole."

Nilikuwa na utani wa aina kama tatu hivi tayari. Nikaumeza wote, nikavua viatu, nikakaa chini kumfukuzia nzi.