Nyama Niliyoirudisha

Shule niliishia darasa la nne, lakini waliotaka kuninywesha mavi nawajua na nitawataja. Mwenyekiti wa mtaa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Na tajiri wa kutoka Tarime, aliyenunua kiwanja nyuma ya nyumba yangu hapa Mugumu. Fundi cherehani naye yumo, ingawa huyo nimemsamehe nusu.

Tajiri aliingia kwa adabu. Kabla hajamwaga hata tripu moja ya mawe alileta dume la ng'ombe, akasema anasalimia majirani. Akamwita fundi cherehani, Mwislamu, achinje yeye ili asibaki mtu wa kukataa. Watu wakala mpaka jioni. Kwetu, ukila nyama ya mtu siku anayoingia kwenye kiwanja chake, umempokea. Hakuna aliyeuliza anajenga nini.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa Robanda kwa dada yangu, tunapiga madebe kufukuza tembo kwenye mahindi.

Niliporudi nikakuta vigingi. Linakuja ghorofa la kupangisha, familia juu ya familia, na shimo la choo limepimwa upande wangu, kwenye mteremko. Chini yake ndipo kilipo kisima changu, alichochimba mume wangu kwa mikono. Bomba likikauka, na linakauka kila mara, nusu ya mtaa wanachota hapo.

Kila mtu alikuwa na lake. Mama muuza maandazi alilia na bafu lake lisilo na paa. "Watakaa dirishani huko juu wananihesabu mbavu!" Mimi nilikuwa na kisima tu. Kijijini nilikoolewa, choo cha jirani kilikaa juu ya kisima chetu. Mvua ilipokuja, ikaja na kipindupindu. Tulilazwa vitanda viwili vya kamba, vimetobolewa katikati, mimi na binti yangu. Niliamka mimi peke yangu.

Kwa hiyo siku ya mkutano nilikaa mbele. Watu walianza kwa makelele: kivuli, magari, choo; mwenyekiti akawaacha wachoke. Halafu akauliza taratibu, "Nyama ya huyu bwana, nani hapa hakula?"

Wanaume wazima wakaangalia viatu vyao.

"Mimi sikula," nikasema.

"Fungu lako lilipelekwa kwako, mama."

"Alipokea nani?"

Shemeji akasimama, anacheka. "Nilikupokelea mimi, shemeji. Ingeoza. Kwani mimi si wa nyumba moja na wewe?"

"Wa nyumba moja! Siku ya kulima shamba langu mbona huwa hunijui?"

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikunisaidia kitu. Mwenyekiti akafunga mkutano. Mtaa umekubali, akasema. Nilipotoka nilimkuta fundi cherehani mlangoni. "Dada, mimi niliitwa kuchinja tu," akasema. Nikamwambia kisu kilikuwa mkononi mwake, si mwangu.

Asubuhi nikauza kuku wangu, nikaenda buchani, nikanunua mguu wa nyuma wa ng'ombe. Mzito. Niliubeba kichwani katikati ya barabara, damu inanichuruzika shingoni, watu wanatoka madukani kutazama. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwetu kumrudishia mtu nyama ni kumwambia hatujuani: ukifiwa, usitume mtu kwangu; ukiunguliwa, usipige yowe.

Tajiri alikuwa kiwanjani na mafundi wake, majembe yameshagusa udongo. Nikautua mguu juu ya matofali yake.

"Nini hii, mama?"

"Yako. Niliyolishwa bila mdomo wangu."

Akarudi nyuma. Amekulia Tarime huyo, anajua. "Mama, usinifanyie hivyo. Mimi nina watoto."

"Na mimi nilikuwa naye mmoja."

Shemeji akaja mbio. "Shemeji, unatuaibisha!" Nyuma yake akaja fundi cherehani, ameshika mfuko wa plastiki wenye nyama, hata kilo sidhani kama ilifika. Akaiweka juu ya matofali, kando ya ule mguu, akaja kusimama upande wangu. Mama muuza maandazi akauliza kwa sauti, "Bucha bado iko wazi?"

Tajiri akatutazama, akamtazama mwenyekiti aliyekuja na umati, naye alikuwa ameshaanza kuangalia simu yake. Ndipo mwenyewe akang'oa vigingi vya shimo, akavuka navyo kiwanja chote, akavipigilia upande wa barabara, ambako ardhi imeshuka chini kuliko kisima changu. Akarudi akaniangalia kwa chuki. "Sasa ondoa nyama yako."

Nikaiondoa. Ghorofa limesimama, na mama muuza maandazi anaoga gizani. Shemeji anatuma ndoo zake kisimani kwangu kama kawaida, nami namwachia achote. Lakini kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote, mimi ndiye ninayevuta ndoo ya kwanza. Nanusa, naonja, nasubiri kidogo, ndipo nafungua geti.