Nyapara na Mtungi wa Nyamizi

Nyamizi alimjua nyapara wa njia mpya kwanza kwa miguu yake. Kila asubuhi alipopanda kutoka kisimani na mtungi kichwani, alimkuta ameshavua viatu, anaukanyagakanyaga udongo mweusi kwa kisigino kabla ya kupigilia kigingi. Njia ile ilikuwa ya waendao kwa miguu na wenye baiskeli, wasigombanie tena barabara na malori ya pamba. Kila kigingi kilipoingia, alikifunika kichwa kwa kiganja, kama anayemtuliza mtoto. Sauti yake ilikuwa ndogo, na vibarua walinyamaza ili waisikie.

Siku vigingi vilipofika korongoni, Nyamizi alishindwa kujizuia. “Shikamoo, bwana nyapara. Hapa mwenye mtungi ataanguka.”

“Marahaba, mama.” Hakubisha. Alivua kofia, akaomba ngata ya kuwekea kichwani, akajitwika mtungi uliojaa, yeye mwanamume mzima, mbele ya vibarua wake. Wakacheka. Mteremkoni mguu ulimteleza, maji yakammwagikia kifuani. Akarudi juu, akazunguka polepole, nyayo zikiipapasa ardhi mpaka zikapata pa kutulia. “Ng'oeni kile,” alisema. “Pigilieni hapa.” Hakuna aliyecheka tena.

Nyamizi alinyoosha mikono apokee mtungi. Nyapara hakuutua.

“Nimekumwagia maji yako, mama,” alisema, akashika njia ya kisimani. Nyamizi akamfuata nyuma. Tangu utotoni hakuwahi kwenda kisimani mikono mitupu.