Pole Isiyo na Kiingereza

Mara ya kwanza nilipoomba nafasi ya kusomea uuguzi hapa London, nilikosa kwa sababu ya adabu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mwanamke wa ofisi ya chuo alinipigia simu akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba majibu yangu yalikuwa mazuri ila sikuonekana kujiamini. "Uliomba msamaha tangu unaingia mpaka unatoka," alisema. Nikamjibu, "Sori."

Ilikuwa kweli. Katika usaili ule mwalimu alipiga chafya, nikasema sori. Kalamu yake ikaanguka, nikasema sori. Akaeleza jinsi treni ilivyomchelewesha asubuhi ile, nikasema sori sana, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa dereva.

Lakini nani atanilaumu? Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mtu akijikwaa, pole. Akirudi kazini, pole. Akiumwa jino, akinyeshewa, akibeba ndoo, pole, na wala hakuna anayeuliza nani kamkosea. Nilipofika huku nikatafuta Kiingereza chake, watu wakanipa sori, nami nikaivaa kama koti la mtumba, mabega hayakai sawa lakini utafanyaje na baridi ipo. Nilikuwa nikihudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea wazee huko Edmonton, kaskazini mwa London. Siku moja nilimkuta meneja ameinamia makaratasi yake, nikamwambia, "Sorry for the work," nikimaanisha pole na kazi. Akaniuliza kazi yake ina kasoro gani.

Ile kazi niliipenda, ila ilikuwa na mpaka ulioniudhi. Niliwaogesha wale wazee, niliwalisha, nilijua nani anataka chai ya maziwa mengi na nani hulia jua likizama. Lakini mmoja wao akizidiwa, aliitwa muuguzi, nami nikaambiwa nisubiri nje ya mlango. Nilichoka kusubiri nje ya mlango. Nilitaka niwe mimi ninayeitwa, na sikuwahi kutaka kitu namna ile tangu nikanyage Uingereza. Kozi yenyewe ilikuwa na viti vichache na waombaji tele, na yule mwanamke wa ofisi aliniambia ninaruhusiwa kujaribu tena mara moja tu. Nikikosa na hiyo, basi, ningekaa nje ya mlango ule mpaka nizeeke, na mwisho niingizwe ndani kama mkazi.

Kwa hiyo nikaingia mazoezini. Kocha wangu wa kwanza alikuwa mwenzangu wa kazini, dada mmoja wa Bukavu, mwenye Kiswahili cha kwao na mdomo usio na breki. Tulitandika vitanda pamoja, na kila niliposema sori isiyo na sababu alinipiga na mto.

"Yaya, uko nasema sori mingi," alinionya, yaya kwao likiwa ni dada mkubwa. "Batawaza uliuaka mutu!" Yaani watu watadhani niliua mtu.

Kocha wa pili alikuwa binti yangu wa miaka tisa, mzaliwa wa huku huku London, Walthamstow. Huyu Kiswahili alikisikia chote, hasa kile ninachosema kwa sauti ya chini kwenye simu, ila kukitamka alikataa katakata. Nimsemeshe vipi, nimbembeleze vipi, jibu lilikuja kwa Kiingereza. Iliniuma zaidi ya nilivyomwonyesha. Yeye ndiye aliyetunga sheria ya nyumba: mama akisema sori bila kosa, siku hiyo hatupiki ugali, tunakwenda kununua chipsi.

Kasoro ya sheria hiyo mmeshaiona. Mtoto akaanza kujigonga kwenye meza makusudi. Akakohoa vikohozi visivyo na kifua. Akaangusha vijiko. "Mum, I hurt my elbow," aliniambia, ameshika kiwiko huku macho yanacheka, nami nikauma midomo, nikajikaza, nikashindwa, tukavaa makoti. Ikafika mahali muuza chipsi akituona tunaingia anamimina siki bila kuuliza.

Usaili ulipokaribia, sketi yangu nzuri ilikuwa imegoma kufungika, lakini nilikuwa nimepona. Asubuhi ile mtu alinikanyaga kwenye basi, na kwa mara ya kwanza sikumwomba msamaha. Niliteremka nikitembea kifua mbele.

Safari hii walikuwa na mtihani mpya. Mwalimu mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa ameketi na bendeji kubwa mguuni, na mwenzake amekaa pembeni na kalamu. Yule wa kalamu akanieleza: huyu ni mgonjwa, amevunjika mguu, amesubiri tangu asubuhi, ana maumivu na hasira. Zungumza naye.

Nikamsogelea. Mgonjwa akapiga ukelele. Sori ikaja mbio mpaka kwenye meno, nikaibana hapo hapo. Tatizo ni kwamba wale makocha wangu wawili walikuwa wameniondolea neno bila kunipa jingine. Nikatafuta kichwani, hamna kitu.

"Hello," nikasema. "You have a leg."

Mgonjwa akautazama mguu wake. Akakubali kwamba anao.

Kalamu ikaandika kitu, na haikuandika kirefu. Niliogopa, jamani, niliogopa, maana niliuona ule mlango wa Edmonton ukifungwa usoni mwangu. Hapo mgonjwa akajishika goti na kuugulia maumivu tena. Nilijua fika ni maigizo, ila moyo wangu haukuwa umeambiwa. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mkono, na neno likanitoka lenyewe.

"Pole," nikasema.

Akaacha kuugulia. "Polly?"

Polly ni jina la kike huku, jina la shangazi wa mtu. Nilikuwa nimembatiza mgonjwa. Mwalimu akawaza kidogo, akaona linamfaa. "Yes," akajibu kwa unyonge. "That's me."

Ningeweza kumsahihisha, lakini nilikuwa kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Maswali niliyauliza kwa Kiingereza, pole nikaiacha ilivyo. Pole, unaumia wapi hasa? Pole, umekula tangu asubuhi? Pole, kuna mtu nyumbani tumpigie simu? Nilizitoa zote nilizokuwa nimezimeza mbele ya vijiko na viwiko vya binti yangu, na kila nilipotoa moja, mama wa watu akaitika. Akaniambia ana paka aliyebaki peke yake nyumbani. Nikampa pole ya paka. Macho yake yakalowa, na mpaka leo sijui kama na hayo yalikuwa maigizo.

Tulipomaliza akafungua bendeji. "Wenzako wote leo wamezungumza na mguu," alisema. "Wewe umezungumza na mtu. Umempa jina, ukamwita kwa jina lake mpaka mwisho." Nikafungua mdomo nimweleze. Nikaukumbuka mlango, nikaufunga mdomo.

Baada ya siku chache yule yule mwanamke wa ofisi alipiga simu kuniambia nimepata nafasi. Nililia hadi nikasahau kumuaga. Binti yangu nilimsimulia yote, akacheka mpaka akateleza kutoka kwenye kochi, na wiki nzima akawa ananiuliza habari za Polly, anaendeleaje na paka wake.

Masomo yalikuwa magumu kuliko usaili, na kazi sikuiacha. Jioni moja katika muhula wa kwanza niliingia nyumbani na mfuko wa vitabu, nikajikwaa kwenye kizingiti changu mwenyewe, mfuko ukapasuka, vitabu vikatawanyika chini. Nikakaa hapo hapo sakafuni na koti langu, sina nguvu hata ya kulalamika. Binti yangu alikuwa anatazama televisheni. Hakugeuza kichwa, wala hakucheka.

"Polly, Mum," akasema.

Nikaokota kitabu kilichokuwa karibu.

"Nimeshapoa, mwanangu," nikamwambia.