Kifuko cha Magazini Nilichomshonea Shija

Nakumbuka vizuri Jumapili ile, tarehe 7 Agosti 2005, kiangazi kikiwa kimeigeuza barabara ya mtaa wetu wa Ngokolo kuwa vumbi tupu, nami nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Utanisamehe, mwanangu, kwa kutaja tarehe. Nilijifunza kusoma nikiwa mke wa mtu, katika darasa la watu wazima, na kila somo lilianza kwa kuandika tarehe ya siku. Kitu nilichokipata kwa kuchelewa sikukiachia tena.

Siku hiyo nilikuwa kwenye cherehani yangu barazani, nikimshonea mume wangu Shija kifuko. Wewe uliyeniletea mkanda wako juzi na kunieleza unachotaka, unakijua kifuko cha namna hiyo. Shija alikuwa akimsindikiza mnunuzi mmoja wa dhahabu kutoka Katoro hadi mjini Shinyanga. Bunduki ilikuwa ya kwake mwenyewe, aina ya raifo, na kibali chake kilikuwa halali. Ilikuwa na magazini mbili, yaani vile vyuma vinavyobeba risasi: moja ilikaa ndani ya bunduki, na ya pili, ya akiba, aliivaa mkandani. Tajiri wake hakupenda ya pili ionekane. Pale Katoro macho ya watu ni makali. Wakiona mlinzi ameongeza risasi, wanajua kwamba leo gari limebeba mzigo wa maana.

Basi nilichukua kitambaa kigumu cha kaki, nikakiwekea bitana ya ngozi laini iliyotoka kwenye kiti kikuukuu, nikakipima mgongoni pake, chini kidogo ya mbavu, mahali ambapo shati pana hufunika bila kutuna. Kilikaa kama sehemu ya mwili wake. Hakikugonga, hakikubana, hakikukwaruza. Nilijivunia kazi ile, na sitajifanya kwamba sikujivunia.

Babu yake Shija, Mzee Nkwabi, alikuwa amekuja kututembelea kutoka kijijini. Unajua utani wa babu na wajukuu huku kwetu. Mimi aliniita mke wake, na Shija alimwita mume mwenzake.

“Mwangaluka, mke wangu,” alinisalimu kwa Kisukuma akiketi. “Leo unanishonea nini? Au ni ya huyu mume mdogo tena?”

“Ni ya mume mdogo, babu. Wewe siku ukiwa mnunuzi wa dhahabu, nitakushonea gunia.”

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakishika kile kifuko, akakigeuzageuza, akauliza ni cha nini. Shija alipomweleza, uso wa mzee ulibadilika. Inakupasa kujua kwamba miaka ya themanini, akiwa bado na nguvu, Mzee Nkwabi alikuwa kamanda wa sungusungu, lile jeshi la wanakijiji linalolinda ng'ombe na mali, na alikuwa amekimbiza wezi wengi katika mbuga hizi.

“Mume mwenzangu,” alisema, “sisi tulipomkamata mgeni, hatukuanza kwa kumuuliza jina. Tulianza kumpapasa kiunoni. Kitu kilichoning'inia nje, tulimuuliza mwenyewe ni cha nini. Kitu kilichofichwa, hatukumuuliza. Tulijijibu wenyewe.”

“Babu, hayo ni ya zamani,” Shija alijibu kwa upole. “Na bunduki yangu itakuwa begani, kila mtu ataiona. Nani ataniita mwizi?”

“Na siku ambayo haitakuwa begani?”

Shija alicheka, akasema siku hiyo hata kifuko hakitakuwepo. Mzee hakucheka. Alinirudishia kifuko, akasema neno moja kwangu: “Umeshona vizuri mno, mke wangu.” Nililipokea kama sifa. Nilichelewa kuelewa kwamba lilikuwa karipio.

Siku kumi baadaye, Jumatano tarehe 17 Agosti, Shija alitoka asubuhi akaenda kituo cha polisi, kwa kuwa wenye silaha walikuwa wameitwa kuzipeleka zikaguliwe. Alikabidhi bunduki ikiwa na magazini yake ndani, akaambiwa aifuate kesho yake. Kwa kuwa alikuwa na siku nzima bila kazi, alipanda gari kwenda mnadani Tinde kututafutia mbuzi wa kufuga. Binti yetu Minza alikuwa amemwomba mbuzi mwenye baka jeupe.

Magazini ya akiba ilibaki kiunoni. Mwanangu, nimelitafakari jambo hili kwa miaka mingi, na sina maelezo mengine: aliisahau. Nilikuwa nimekishona kile kifuko kisionekane na mtu yeyote, nacho kikafanikiwa kujificha hata kwa aliyekivaa.

Yaliyotokea mnadani niliyasikia kutoka kwa watu waliokuwepo, na yote yanalingana. Mchana, majambazi wawili walimpiga risasi mfanyabiashara wa ng'ombe, wakakimbilia vichakani. Mwano ukapigwa. Huo ndio wito wetu Wasukuma wa hatari: ukiusikia, kama wewe ni mwanamume mwenye miguu, unaacha ulichoshika na kukimbilia kule sauti inakotoka. Asiyeitika huhesabiwa kuwa mwenzao na wahalifu. Shija alikuwa mgeni pale, hakuna aliyemjua, wala hakuna ambaye angemlaumu kama angejibanza nyuma ya gari. Yeye alikimbia. Alifika miongoni mwa wa kwanza, akamkuta majeruhi chini, akainama kumbeba.

Alipoinama, shati lilipanda.

Mtu mmoja aliona kaki. Mwingine akavuta kifungo, na magazini yenye risasi ikadondoka mbele ya watu. “Bunduki umeitupa wapi?” waliuliza. Shija alisema iko polisi. Ni kweli kwamba ilikuwa polisi. Lakini fikiria maneno hayo masikioni mwa watu waliotoka kumwona mwenzao akipigwa risasi. Walicheka kwa hasira. Walidhani ni mmoja wa wale wawili, ametupa silaha kichakani na kujichanganya na wanaomtafuta. Hawakumpa nafasi ya kusema tena. Yule majeruhi alipona. Mume wangu hakupona.

Tulimzika kijijini kwao tarehe 19. Huku kwetu mazishi ni ya watu wote; wanaume huchimba, wanawake huleta maji na kuni, na asiyefika hutozwa faini. Lakini habari iliyotangulia ilikuwa kwamba analetwa jambazi, na sungusungu wa kijiji waliamua kutoshiriki. Sikuwalaumu, ndivyo walivyofundishwa. Walikaa mbali na majembe yao begani, wakitazama. Mzee Nkwabi alivua shati, akashuka mwenyewe kaburini na shemeji zangu wawili, akachimba. Alikuwa mzee aliyetembelea fimbo. Sikuwahi kumsikia akisema, hata kwa mafumbo, kwamba aliliona jambo lile kabla.

Baadhi ya waliompiga walifikishwa mbele ya sheria, na hayo yalikuwa ya mahakama. Langu lilikuwa jina. Shuleni Minza aliitwa mtoto wa jambazi. Wateja wangu wawili wa zamani walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata. Nami niliapa kwamba sitaondoka Ngokolo wala kubadilisha jina la mwanangu. Nitalirudisha jina la baba yake mahali lilipoangushwa, mbele ya watu walewale.

Nilikwenda polisi. Askari aliyepokea bunduki ile asubuhi alikubali kusema alichokijua: ilikuwa kabatini kwake tangu kabla ya saa tatu, na magazini iliyookotwa Tinde ni ya bunduki hiyohiyo. Nilidhani hilo lingetosha. Lakini mwenyekiti wa kijiji cha kule mnadani, ambacho watu wake ndio waliomuua Shija, mtu mzima mwenye kunyoosha maneno, aliniambia: “Pole, Mama Minza. Kama bunduki ilikuwa polisi, ile magazini ilifuata nini kiunoni?”

“Aliisahau.”

“Mama, chuma kile ni kizito. Hakuna mwanamume anayesahau chuma kiunoni.”

Kila nilikokwenda, nilipewa jibu hilo. Hata askari yule, ambaye alinitakia mema, aliinamisha macho nilipomwambia kwamba Shija aliisahau. Mwishowe nikaacha kubishana. Nilirudi kwenye cherehani, nikashona kifuko kingine kama kile, kitambaa kilekile, ngozi ileile, nikatia ndani kipande cha chuma chenye uzito unaolingana.

Mkutano wa kijiji hicho uliitishwa Alhamisi, tarehe 23 Novemba 2006, mvua za vuli zikiwa zimeanza. Nilifika mapema. Nikamkuta mwenyekiti akiwa na mtendaji wa kata, nikamwomba jambo moja: avae kifuko hiki chini ya shati lake mpaka zamu yangu ya kusema ifike. Alitabasamu kama mtu anayembembeleza mfiwa.

“Hivi nitaonekana nimevaa nini, Mama Minza? Hirizi?”

“Hakuna atakayeona, mwenyekiti. Ndiyo kazi yangu.”

Mtendaji wa kata mwenyewe ndiye aliyemfungia.

Suala langu liliwekwa mwisho. Walianza na lambo la maji, wakaja kwenye madawati ya shule, wakagombana sana kuhusu ng'ombe walioingia mashambani. Mwenyekiti alisimama, akaketi, akafoka, akacheka, akatoka nje kuwaita vijana waliokuwa wakipiga kelele. Nami niliketi kwenye mkeka na wanawake, mikono mapajani, nikimtazama mgongoni. Hakukuwa na dalili yoyote.

Zamu yangu ilipofika, askari alisema yake. Kisha mwenyekiti akasimama na kusema lile alilokuwa amelisema siku zote, safari hii kwa sauti ya kufunga mjadala: “Ndugu zangu, tunamheshimu mama huyu. Lakini hakuna mwanamume anayesahau chuma kiunoni.”

Nilisimama. “Mwenyekiti,” nilisema, “naomba unirudishie kifuko changu.”

Alinitazama bila kuelewa. Nikaona mkono wake ukienda nyuma polepole, ukaingia chini ya shati, ukasimama hapo. Mwenyekiti alikifungua mwenyewe, akakiweka mezani, akaketi. Alisema kwa Kisukuma, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya mtendaji: “Tulimuua mtu aliyeitika mwano wetu.” Ikaandikwa hivyo. Mkutano ukaamua kwamba wanaume wa kijiji hicho waende kwenye kaburi la Shija wakamwekee udongo aliounyimwa. Nao walikwenda.

Mwanangu, kazi yako naijua, na siikatai. Imewalisha wengi hapa. Nasaha yangu ni hii. Siku unapokabidhi bunduki, vua na mkanda, palepale mezani, mbele ya anayeipokea. Ukifika kwa watu wasiokujua ukiwa na kitu kama hicho mwilini, mtafute kiongozi wao, umwambie kabla hajakiona. Na kama siku moja utakuwa upande wa wenye fimbo, ukakuta kitu kiunoni mwa mgeni, muulize, kisha usikilize jibu mpaka mwisho, hata likionekana la uongo.

Kifuko chako kiko tayari. Ni kaki, na hakitaonekana. Lakini ndani, upande unaogusa ngozi yako, nimeacha mshono mmoja mgumu ambao sikuulainisha. Utakukwaruza kila unapoinama. Usimpelekee fundi mwingine akautoe. Mungu akulinde njiani, akupe wenyeji wenye subira, na akurudishe kwa mama yako ukilalamika kwamba mjane wa Shija hajui kushona.