Jinsi "Nishushe Hapa" Unavyoisha

Nilisafiri kwenda Magadi kwa sababu ya wimbo mmoja usioisha. Usinicheke. Baba yangu alikuwa na santuri ya bendi iliyoitwa Radi Kavu, vijana wanne waliopiga roki enzi za suruali pana chini, na wimbo wa mwisho kwenye santuri hiyo ni "Nishushe Hapa". Nimeusikiliza tangu nikiwa mtoto. Gitaa linalia, ngoma zinapanda, mwimbaji anamsihi dereva amshushe, na pale damu inapochemka kabisa, fundi wa studio anaanza kupunguza sauti kidogo kidogo mpaka wote wanapotea. Alishuka? Hakushuka? Santuri haisemi. Ndiyo maana napenda rekodi za jukwaani kuliko za studio. Jukwaani hakuna wa kukupunguzia sauti. Wimbo mkishauanza, lazima muumalize wenyewe, watu wakiwatazama.

Mwezi uliopita, katika kikundi chetu cha simu cha wapenzi wa roki, mwalimu mmoja wa Magadi aitwaye Adhiambo alituma picha ya babake akiwa kijana, ameketi nyuma ya ngoma. Kwenye ngoma kubwa pameandikwa RADI KAVU. Nilimpigia papo hapo.

"Baba yuko, naishi na yeye," aliniambia. "Na kuna kanda moja. Walirekodiwa wakipiga hapa klabuni. Lakini yeye hataki hata kuiona."

"'Nishushe Hapa' iko ndani?"

"Ndiyo ya mwisho."

Nilipiga kelele hadi jirani akabisha mlango.

Kitengela, Jumamosi asubuhi. Jirani mwenyewe ndiye aliyekuwa usukani. Shiru anaishi mlango wa pili kwenye ploti yetu, anaimba kwaya kanisani, na ana kigari kidogo anachokipenda kama mtoto. Malori ya mawe yalikuwa yameshajaa barabarani. Mimi nilikuwa nimepakata redio kaseti ya baba, niliyoitengenezea mshipi mpya wa kuzungusha kanda kwa fundi wa mjini.

"Sasa Nekesa," Shiru alisema, "tunaenda mbali hivyo kusikiza watu wakipiga makofi nje ya beat?"

"Hiyo ndiyo raha yake! Unasikia ukumbi. Unasikia mtu akiita soda."

"Kwaya yetu mtu akikohoa tu, tunarudia wimbo wote."

"Ndio maana nalala nikisikiza CD yenu."

Alinitazama vibaya, kisha akacheka. Tulibishana hivyo hadi Isinya, tukakata kulia kuelekea Kiserian, na bado tukibishana. Nilimwambia kwamba bendi kubwa hazijulikani kwa nyimbo zilizosafishwa. Zinajulikana siku gitaa limekatika uzi na mpigaji akaendelea na nyuzi zilizobaki.

Kona Baridi, upepo ulitaka kung'oa mlango wa gari. Tulisimama kidogo, tukiwa tumejikunyata, tukatazama bonde lote likiwa limelala chini, la kahawia, halina mwisho. Kutoka hapo barabara hushuka tu. Masikio yaliziba, sweta zikatoka moja baada ya nyingine, na joto likaanza kunichoma shingoni.

Oltepesi tulikunywa chai na mandazi kwa mama mmoja Mmaasai mwenye kibanda cha mabati. Tulimwamkia "Sopa," akajibu "Epa," macho yake yakiwa kwenye redio iliyokuwa mapajani mwangu.

"Hiyo mnapeleka kuuza?"

"Hapana mama. Tunaenda kusikiza wimbo."

"Mpaka Magadi?" Aliwaita wenzake waje watuone.

Magadi, kabla ya adhuhuri. Ziwa lilitokea ghafla, jeupe na la waridi, na kufungua mlango wa gari kulikuwa kama kufunua sufuria inayochemka. Adhiambo alitupokea na maji baridi katika nyumba yao ya kampuni ya magadi. Babake, Mzee Okech, alikuwa mrefu na mwembamba, taulo shingoni. Alitusalimia kwa mkono wenye nguvu kuliko nilivyotarajia. Nilimweleza kuhusu santuri ya baba, akafurahi sana, akataja wenzake wote watatu kwa majina. Mmoja tu ndiye bado hai, yuko kwao Siaya. Kisha akaiona redio.

"Hiyo ya nini?"

"Nilikuwa naomba tusikize ile kanda, Mzee."

Akakunja uso. "Binti yangu, hiyo ni aibu yangu. Umekuja kusikiza mtu akianguka?"

Ilibidi Adhiambo ambembeleze kwa Kijaluo kabla hajatueleza. Siku hiyo klabu ilifurika. "Nishushe Hapa" ulipokaribia mwisho, kiongozi wa bendi aliinua gitaa, ndiyo ishara ya kukata wimbo kwa pamoja. Wenzake wakakata. Mzee jasho lilikuwa limemwingia machoni, hakuona. Akaendelea kupiga peke yake. Alipofungua macho aliona ukumbi mzima midomo wazi, watu wakiangukiana, akajua wanamcheka. Alitupa vijiti, akatoka kwa mlango wa jikoni, na hakupiga ngoma tena maisha yake yote. Wenzake walimfuata nyumbani kumwambia watu walifurahi.

"Nilijua wananipoza tu," alisema. "Kanda ilirekodiwa na kijana wa kantini, aliweka mashine kwa kaunta. Akaniletea. Sijawahi kuiweka."

Alinyanyuka akaenda kuketi barazani, ametugeuzia mgongo. "Sikizeni. Mimi sitaki."

Adhiambo aliitoa kanda kutoka kwenye kopo la biskuti. Niliifuta vumbi, nikaiingiza. Kwanza mkwaruzo, kisha chupa zikigongana, kisha mtu akisema "moja, mbili, tatu," na wakalipuka! Jamani. Kwenye santuri ni vijana wapole. Hapa walikuwa moto. Ngoma zilikuwa mbele ya kila kitu, zinasukuma, zinasukuma, na mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Shiru, anayechukia makofi, alikuwa akipiga paja.

Kisha magitaa yakakata. Ngoma zikabaki zenyewe, kama mtu anayekimbia gizani. Halafu vijiti vikagonga sakafu.

Halafu ukumbi ulipasuka. Niliwahi kusikia kicheko cha umati, na hiki hakikuwa kicheko. Shiru aliinama akasogeza sikio karibu na spika, lile sikio lake la kwaya.

"Wanasema kitu," alisema. "Ngoja... Wanasema 'ngoma'. Wanaita ngoma!"

Kweli. Ukumbi wote, miguu sakafuni: ngo-ma, ngo-ma, ngo-ma. Kisha sauti ya kiongozi kwenye maikrofoni, akicheka kwa raha: "Okech! Rudi bwana! Wanataka wewe! Okech ameenda wapi?" Walimwita mpaka kanda ikaisha.

Nilipogeuka, Mzee alikuwa mlangoni.

"Rudisha," alisema.

Nilirudisha. Alisikiliza akiwa amesimama, taulo mdomoni. Akasema tena, "Rudisha." Mara ya tatu aliketi, akavuta sinia la vikombe alilokuwa ameandaa Adhiambo, akaviondoa kimoja kimoja. Kanda ilipofika pale vijiti vinapoanguka, yeye alianza kupiga sinia kwa viganja. Alipiga polepole, kisha kwa nguvu, wale watu wa kitambo wakimwita ndani ya redio, akapanda, akapanda, akamaliza kwa mapigo manne yaliyotikisa dirisha.

"Ulikuwa uishe hivyo," alisema, akihema. Kisha akalia, na binti yake akamshika, na sote tukaanza kucheka kwa wakati mmoja.

Tulirudi jioni jua likishuka nyuma yetu. Redio niliiacha, maana kuichukua kungekuwa ukatili. Njiani nilifikiri kwamba rekodi nzuri si ile isiyo na kosa. Ni ile iliyoachwa iendelee baada ya kosa, kwa sababu aliyekosea huwa ameshakimbia na hasikii yaliyofuata. Na wapigaji wengi wa zamani bado wako, mtaa wa pili, mji wa pili. Waendee sasa.

Kiserian, simu ililia. Adhiambo. Nyuma yake nilisikia chuma kikigongwa vibaya sana.

"Dada, umeniletea shida," alisema. "Ametoa sufuria zote jikoni."

"Na majirani? Hawalalamiki?"

"Majirani?" Ilibidi apaze sauti. "Wako hapa ndani, wamekosa pa kukaa!"