Kimpumu cha Kumpokea Salome

Avelina wa Mpui hakupenda kuharakishwa na mtu, isipokuwa zilipokuja habari za bintiye Salome. Siku Salome aliposema kwenye simu kwamba ameomba likizo na mkuu wake ameitikia kwa kichwa, Avelina hakungoja hata kusikia tarehe. Aliuchota ulezi kihengeni, akaupepeta, akaulowesha kwenye mtungi mkubwa. Mumewe Fabiani alisimama mlangoni na redio yake kwapani, akimtazama.

"Mama Salome, mkuu wa kazi akitikisa kichwa, ndiyo tiketi hiyo?"

"Wewe sikiliza redio yako," Avelina alimjibu.

Ulezi ukishaloweshwa haurudi kihengeni. Hauwi mbegu tena, wala hausagwi kwa ugali. Ukichipua umekuwa kimea, na kazi ya kimea ni kuwa kimpumu, ile pombe ya kunywa kwa mrija huku maji ya moto yakiongezwa. Kwa hiyo wanawake wa Mpui wenye akili zao humngoja msafiri mpaka apige simu kutoka stendi ya Sumbawanga mjini, ndipo waanze kulowesha, na siku za mwanzo humpa chai. Avelina aliijua kawaida hiyo vizuri sana. Aliivunja kwa makusudi, kwa sababu baada ya kumngoja mtoto miaka minane aliona kumpokea kwa chai ni matusi.

Salome alikwenda Urusi kusomea uhandisi wa ndege, akamaliza, akapata kazi kwenye kiwanda kimoja katika mji ambao Avelina hajaweza kuutamka mpaka leo. Mkataba wake wa kwanza ulisema habari za ndege za abiria. Baadaye idara yake ikageuzwa, ikapewa kazi za jeshi. Ndege za kivita zilizozeeka ziliingizwa humo, zikavuliwa mpaka mbavu, zikawekewa injini mpya na rada mpya. Vipuri vilivyokuwa vikinunuliwa nje sasa ilibidi vitengenezwe hapo hapo, kwa hiyo watu walipokezana zamu na taa za karakana hazizimwi. Salome alikuwa upande wa nyaya.

"Ni kama kusuka nywele, Mama," aliwahi kueleza, "ila kichwa chenyewe hakitingishiki."

Maneno hayo yalimlevya Fabiani kuliko pombe. Kila alipokutana na jirani yake Modesti alimweleza namna ndege yenye umri wa mtu mzima inavyofanywa ione gizani kama mpya. Modesti, ambaye amemwona Fabiani akikosea njia ya kwenda kwake mwenyewe jioni, alimuuliza kama wenye kiwanda hawana nafasi ya kumfanyia na yeye ukarabati kama huo.

Avelina hakuzipenda ndege zile. Siku moja alimuuliza mwanawe, "Zikitoka kwenu zinakwenda wapi?"

Salome alimuuliza kwanza kama mvua imenyesha, kisha akajibu.

"Zinakwenda jeshini, Mama. Mimi nafunga nyaya tu."

Tangu hapo, kila Jumapili padri alipoombea amani duniani, Avelina aliitikia kwa sauti kuliko kwaya nzima. Kisha chini ya pumzi aliongeza ombi lake, kwamba wakubwa wa kiwanda wamwachie mtoto. Hakuwa amewahi kuwaona wakubwa hao, lakini alikwisha kuwatengeneza kichwani mwake. Walikuwa mtu mmoja tu, mnene, mwenye funguo nyingi kiunoni. Avelina alimchukia mtu huyo kwa moyo wake wote, na chuki hiyo ilimsaidia kulala.

Kimea kilikuwa kimekwisha kusagwa na pombe iko jikoni wakati Salome alipopiga tena. Likizo imekwama, alisema. Kuna ndege zinatakiwa haraka. Avelina alimwambia si neno, akakata simu, akarudi kukoroga. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Hakutaka makubwa. Alitaka kumsikia Salome akikohoa chumba cha pili. Alitaka kumgombeza kwa kuacha sufuria bila kuosha, akae na yeye jikoni mpaka macho yawaume kwa moshi.

Pombe haina habari na likizo ya mtu, ikaiva. Jirani yake Silvana alimshauri aiuze.

"Hii ni ya Salome," Avelina alisema. "Itanywewa kwa jina lake."

Basi akafanya kama wafanyavyo watu wa Ufipa wakiwa na pombe na majani marefu shambani. Aliwaalika majirani kwenye kipande cha shamba ambacho Fabiani alimtengea binti yao. Walikuja na majembe yao, wakakata majani, wakayafukia ndani ya matuta ya mviringo yaoze humo, ili msimu ujao matuta yasambazwe na ulezi upandwe. Watu walilima, wakanywa, wakalima tena. Katikati ya kazi, simu ya Fabiani ikaita, na uso wa Salome ukatokea kwenye kioo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hao wote wanafanya nini?"

Avelina aliwageuzia simu. "Wanalima shamba lako. Pombe yako ndiyo inayowalimisha."

Salome alisogeza uso karibu na kioo awaone. Mama yake akasogea pembeni, mbali na kelele, akasema neno ambalo kwa miaka yote hiyo alilimeza ili asimharibie mtoto riziki.

"Rudi, Salome. Waambie hao wakubwa wako, mama yako anakuita."

"Mama, si wao."

"Si wao nini?"

"Likizo walinipa. Mimi ndiye niliyeikataa." Salome alifuta macho kwa kiganja. "Kuna ndege tumeifunga upya mwaka mzima, na ilikuwa iruke wiki hii. Nilitaka kuiona. Halafu wakaniletea mkataba mwingine, nikasaini. Usiku nalia, Mama, nataka kuja nyumbani. Lakini asubuhi ikifika nataka kwenda kazini."

Avelina aliutazama ule uso, uliokuwa umekonda kidogo. Alitafuta hasira hakuipata.

"Iliruka?" aliuliza.

"Iliruka."

"Haya. Umekula?"

"Nimekula, Mama."

Waliagana. Avelina alimrudishia Fabiani simu yake bila kumtazama, akaliokota jembe. Silvana alikuwa amesimama kwenye tuta lake, akimsubiri.

"Anasemaje? Wakubwa wake wamemkatalia tena?"

"Wamemkatalia," Avelina alisema.

"Watu wabaya sana wale."

"Wabaya," Avelina aliitikia, akainama kufukia majani.